Wote, Kasoro Nani?

(Hotuba iliyotolewa katika bwalo la shule, mjini Babati, siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani.)

Ndugu zangu tuliolala bweni moja na kula ugali wa sufuria moja, na ninyi vijana ambao leo mmeketi pale tulipokuwa tukiketi sisi:

Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya umuhimu wa elimu. Nilimjibu kwamba juu ya umuhimu wa elimu vijana hawa wamekwisha kuambiwa vya kutosha, tena na watu wanaojua kuhutubia kuliko mimi. Mimi ni mtumishi wa Serikali. Kwa miaka ishirini hivi kazi yangu imekuwa kuandika taarifa, kusoma taarifa za wengine, na kuzitoa katika Kiingereza kuzitia katika Kiswahili au kinyume chake. Kwa hiyo niliomba niruhusiwe kusema juu ya jambo dogo zaidi: yale maneno machache ambayo kazi yake ni kusema "karibu yote." Msicheke. Maneno hayo madogo yamewahi kuwalaza watu na njaa, na aliyeyaandika vibaya nilikuwa mimi. Nitafika huko.

Wiki iliyopita mwalimu wa Kiingereza alinipa insha za Kidato cha Tatu nizipitie kabla ya kuja. Habari ilikuwa "Our School." Zilikuwa insha thelathini na mbili. Katika insha kumi na tisa nilikuta maneno haya: "Almost of the students..." Almost of the students wanapenda mpira. Almost of the teachers wanakaa mbali. Sitasema kwamba karibu wanafunzi wote wameandika hivyo, maana kumi na tisa kati ya thelathini na wawili si karibu wote. Ni zaidi ya nusu, basi. Na hiyo ndiyo kazi ya neno "most."

Kosa hilo nalifahamu vizuri kwa sababu nami nililiandika humu humu shuleni, na daftari langu likatiwa wino mwekundu hadi likafanana na shati la mtu aliyetoka vitani. Mwandishi amechukua kichwa cha mbuzi akakitia kwenye kiwiliwili cha kondoo. Kuna "most of the students," maana yake wanafunzi walio wengi. Na kuna "almost all the students," maana yake karibu wanafunzi wote. Neno "almost" haliwezi kusimama bila kitu cha kupunguza. Lazima lifuatwe na "all," au "every," au hesabu, au neno la ukanusho kama "nobody" na "never." Ukisema "almost of the students," Mwingereza atabaki anakungoja umwambie karibu nini: karibu wote, karibu nusu, au karibu hakuna?

Tena tofauti ya maneno haya mawili si ya alama za mtihani tu. Mkuu wa Shule akimwandikia mzazi kwamba "most of our candidates passed," huenda waliofaulu ni hamsini na watano katika mia. Akiandika "almost all," mzazi atategemea tisini na tano. Kati ya hesabu hizo mbili pana vijana arobaini, na kila mmoja ana mama.

Sasa nije kwenye maneno mawili ambayo ndiyo hasa yaliyonileta hapa. Ni "all but."

Wazee wenzangu mtakumbuka mahudhurio ya asubuhi. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, na upepo wa ziwani ulikuwa ukitupiga tukiwa tumesimama katika mistari. Kiranja wa kila bweni alitoka mbele, akasimama wima, akasema, "All present, sir." Au, kama kuna waliokosekana, "All present but three, sir." Hapo Mwalimu wa zamu hakusema "ahsante." Aliuliza, "Which three?" Na kiranja asiyejua majina ya wale watatu alikuwa na asubuhi mbaya sana. Nadhani hilo ndilo somo la Kiingereza nililolielewa kuliko yote, na sikujua kwamba ni somo.

"All but three" ni "wote isipokuwa watatu," au kwa neno letu zuri zaidi, "wote kasoro watatu." Hebu tazameni jinsi Kiswahili kilivyolizoea jambo hili. Tunasema saa tatu kasorobo. Tunasema elfu kumi kasoro mia mbili. Hatusemi kwamba saa "zimekaribia tatu kwa kiasi kikubwa". Tunataja kamili yake, kisha tunataja upungufu wake. Mama muuza nyanya pale sokoni anajua kufanya hivyo bila kufundishwa na mtu. Sisi tuliosoma ndio tunaosahau.

Lakini "all but" ina sura ya pili, na hapo ndipo penye shimo. Likifuatwa na hesabu au jina, maana yake ni "wote kasoro." Likifuatwa na neno la kutenda au la sifa, maana yake ni "karibu kabisa," yaani jambo limefika ukingoni lakini halijatimia. "The bridge is all but finished": daraja limekaribia kwisha, lakini bado. "He all but fell": nusura aanguke, lakini hakuanguka. Mwanafunzi akiona lile "all" hudhani ameambiwa "yote." Hakuambiwa yote. Ameambiwa bado.

Mfano mzuri wa jambo hili uko hapa nyumbani, na nashangaa kwamba hatuutumii madarasani. Tarehe 30 Agosti 1960 Tanganyika ilifanya uchaguzi uliotutia katika njia ya madaraka, mwaka mmoja na miezi kadhaa kabla ya Uhuru. Viti vya kuchaguliwa vilikuwa 71. TANU ilipata 70. Kwa Kiingereza huandikwa hivi: "TANU won all but one of the seats." Ni sentensi safi, haina kosa. Sasa fanyeni kama Mwalimu wa zamu. Ulizeni, "Which one?"

Kiti hicho kimoja kilikuwa cha Mbulu. Na wakati ule Mbulu ilikuwa ni pamoja na hapa tulipokaa, kwani Babati ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu, katika Jimbo la Kaskazini; Mkoa huu wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002 tu, kwa kumegwa kutoka Arusha. Aliyekipata ni Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama bila kuteuliwa, akamshinda mgombea rasmi wa chama chake mwenyewe. Kwa hiyo lile neno dogo "one," ambalo msomaji wa London au wa Dar es Salaam hulipita bila kupepesa macho, ni wapiga kura wa upande huu. Sikusema kwamba walifanya vema au vibaya. Nasema tu kwamba walikuwapo, na kwamba sentensi iliyoandikwa vizuri imewaachia nafasi ya kukaa.

Sasa chukueni maneno yale yale muyahamishe kidogo: "TANU all but won the seats." Neno halijaongezwa. Lakini sasa mmesema kwamba TANU nusura ivipate viti, ila haikuvipata! Mwanafunzi aliyeandika hivyo amebatilisha uchaguzi mzima kwa kuhamisha maneno mawili.

Kuna jambo jingine katika uchaguzi huo linalofaa kutazamwa. Wagombea 58 wa TANU hawakupingwa. Katika sehemu hizo hapakupigwa kura hata moja. Kura zilipigwa kwa viti 13 tu, na hata huko haki ya kupiga kura ilikuwa na masharti yake, haikuwa ya kila mtu mzima. Basi mtu akiandika "almost all the seats," amesema kweli. Akiandika "almost all the people voted for TANU in 1960," amesema jambo ambalo halikutokea, hata kama mapenzi ya watu kwa TANU yalikuwa makubwa namna gani, nayo yalikuwa makubwa. Karibu wote wa nini? Wa viti, wa wapiga kura, au wa watu? Neno "all" huvaa nguo ya jina linalolifuata, na ukimbadilishia nguo amekuwa mtu mwingine.

Sasa nifike pale nilipoahidi kufika.

Mwaka 2009 ukame uliipiga sana mikoa ya kaskazini. Mtaikumbuka mizoga ya ng'ombe kandokando ya barabara. Nilikuwa kijana bado, sijatimiza miaka mingi kazini, katika ofisi moja ya wilaya ambayo sitaitaja, maana kosa halikuwa la ofisi. Mahindi ya msaada yalikuwa yakigawanywa vijijini, na pamoja na malori alikwenda mtaalamu mmoja mgeni ambaye kazi yake ilikuwa kuandika taarifa kwa wahisani. Taarifa yake ilikuja mezani kwangu niifupishe kwa Kiswahili. Juu ya kijiji kimoja alikuwa ameandika sentensi mbili zilizofuatana. Nazikumbuka hadi leo. "Distribution is all but complete. All but forty-one of the households have received their maize."

Mnaona alichofanya. Ametumia "all but" mara mbili, kwa sura zake zote mbili, moja nyuma ya nyingine, kama mtu anayekutegea. Lakini hakunitega, aliandika Kiingereza sahihi kabisa. Mimi ndiye niliyesoma kwa haraka saa kumi jioni. Sentensi ya kwanza niliiandika: "Ugawaji wote umekamilika." Niliona "all," niliona "complete," nikaunganisha. Ya pili ilinitatiza kidogo, kwa sababu haikupatana na ya kwanza. Kaya arobaini na moja zimefanyaje tena? Badala ya kurudi nyuma na kujiuliza, nikatafuta neno la kupatanisha. Nikaandika: "Karibu kaya zote zimepata mahindi."

Tazameni vizuri sentensi hiyo ya pili, kwa sababu si ya uongo. Kijiji kilikuwa na kaya mia sita na zaidi. Kasoro arobaini na moja ni karibu zote kweli, hata mwalimu wa hesabu angenipa alama. Lakini zile arobaini na moja zilikuwa na hesabu katika Kiingereza, na katika Kiswahili changu zikawa hazina. Mkubwa wangu alisoma muhtasari, akaona "umekamilika," akaona "karibu zote," akatia sahihi. Lori lililofuata likapelekwa tarafa nyingine, ambako kweli watu walikuwa wakingoja.

Baada ya wiki tatu alikuja ofisini mzee mmoja, ametembea tangu alfajiri. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, nikampa kiti. Alikataa maji kwanza. Akaniambia kwamba anatoka katika kitongoji kilicho ng'ambo ya korongo, kwamba lori halikuweza kuvuka siku ile, kwamba waliambiwa litarudi. Wamengoja. Mwenyekiti wa kijiji alipokwenda kuuliza alionyeshwa karatasi ya wilaya, akaisoma, akarudi akawaeleza kwamba karatasi inasema karibu kaya zote zimepata.

Kisha mzee akasema, bila hasira, "Mwanangu, tumesikia mmetuandikia karibu. Basi nimekuja."

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kabatini nikatoa taarifa ya yule mgeni, nikaisoma tena nimesimama. Safari hii niliielewa katika muda usiozidi dakika moja. Kaya zote arobaini na moja zilikuwa za kitongoji hicho kimoja. Mkubwa wangu, Mungu amjalie, hakunikaripia mbele ya mzee, alipiga simu. Mahindi yalivuka korongo kwa punda siku ya tisa. Katika muda huo wote watu wa kule walikuwa wameuza mbuzi wao kwa bei ya kutupa ili wanunue debe la mahindi, na familia mbili zilikuwa zimekwisha hama. Sijui zilikwenda wapi. Nimeuliza mara kadhaa.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu msumbufu ofisini. Taarifa ikija mezani kwangu na "karibu wote," huirudisha na swali moja kwa penseli: kasoro nani? Vijana wa ofisi wamenipa jina kwa sababu hiyo, wanadhani silijui.

Nimewachosha na huzuni. Turudi darasani kidogo, kwa kuwa kuna maneno mengine ya ukoo huu ambayo siku hizi yanaleta vioja.

Moja ni "virtually." Zamani neno hili lilikuwa na maana ya "karibu kabisa, kwa hali halisi": "virtually all the members agreed," yaani wanachama karibu wote walikubali, asiyekubali hana uzito. Lakini tangu mikutano ianze kufanyika kwa njia ya mtandao, na hasa tangu ule ugonjwa wa mwaka 2020, limepata kazi ya pili. Basi nililetewa kumbukumbu za kikao zilizosema: "The meeting was virtually attended by all members." Mwandishi alitaka kusema kwamba wanachama karibu wote walikuja, tena walikuja kwa miguu yao, walikunywa chai na kutia sahihi za posho. Alichokiandika ni kwamba wote walihudhuria kwa njia ya mtandao. Mkaguzi wa hesabu akauliza, chai hii alikunywa nani? Dawa yake ni kuliweka neno hilo jirani kabisa na "all": "attended by virtually all the members." Maneno haya yote ya kukaribia hupunguza kile kilicho jirani yao, kwa hiyo msiyaache yakae nyumba ya mbali.

Jingine ni "practically." Kijana mmoja alifasiri "practically all the farmers" kuwa "wakulima wote kwa vitendo." Nilipenda sana tafsiri hiyo, nikaifuta kwa masikitiko.

Na kuna msemo ambao wasomi wetu wanaupenda mno katika hotuba: "for all intents and purposes." Umetoka katika lugha ya sheria za Uingereza tangu karne ya 16, na maana yake ni kwamba jambo, kwa kila kusudi na kila matumizi, ni kama limekuwa, hata kama kwa jina halijawa. Sisi tuliousikia kwa sikio kabla ya kuuona kwa jicho tunaandika "for all intensive purposes." Msione haya sana, hata wenye lugha yao wanakosea hivyo hivyo. Lakini neno "intensive" hapo halina maana yoyote. Na shauri langu kwenu, kama hamna hakika na msemo mrefu, acheni. "Almost" ni neno fupi, halina gharama, na hakuna mwalimu atakayewacheka.

Upande wa Kiswahili nako tusijidanganye kwamba tuko salama. "Takriban" na "karibu" si pacha. Nikisema walikuja takriban watu mia tano, huenda walikuwa mia nne na tisini au mia tano na kumi; kwa Kiingereza ni "about five hundred." Nikisema karibu watu mia tano, hawakutimia mia tano, hiyo ni "nearly" au "almost." Nimeona "takriban" ikifasiriwa "almost" katika barua ya kuomba madawati, na shule ikapelekewa pungufu, kwa sababu mpokeaji alidhani hesabu iliyotajwa ndiyo mwisho wake.

Kuna na hili la ukanusho. Kwa Kiswahili, "wanachama wote hawajalipa ada" maana yake ni kwamba hakuna aliyelipa. "Si wanachama wote waliolipa" ni jambo jingine. Mweka hazina wa chama kimoja nilichomo, na tafadhali msinitazame hivyo, si hiki, aliandika kwa Kiingereza "All members have not paid." Nusu ya wasomaji walielewa kwamba hakuna aliyelipa, nusu wakaelewa kwamba baadhi hawajalipa, na wale waliokuwa wamelipa wakataka risiti zao zisomwe mbele ya mkutano. Angeandika "Not all members have paid," na kuambatisha majina, tungekwenda kula mapema.

Halafu kuna ugonjwa mpya, "kwa asilimia kubwa." Maandalizi yamekamilika kwa asilimia kubwa. Wananchi kwa asilimia kubwa wameelimishwa. Asilimia ni hesabu. Ikiwa unayo hesabu, itaje; ikiwa huna, usiazime heshima ya hesabu. Mtu akisema 60, au 85, au 99, naweza kwenda kumuuliza. Akisema "kubwa" sina pa kushika.

Na hata penye hesabu kamili kazi haijaisha. Ninyi vijana hamkuona, lakini wazazi wenu waliona kampeni ya elimu ya watu wazima. Nchi ilipoanza, theluthi mbili hivi za watu wazima zilikuwa hazijui kusoma wala kuandika. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba wanaojua wamefika asilimia 90.4. Ilikuwa kazi kubwa kabisa, yenye kustahili fahari. Watu walisoma chini ya miti, akina mama walikwenda na watoto mgongoni. Ilikuwa halali kusema "almost everybody can read." Lakini 9.6 waliosalia walikuwa mamia ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na walikuwa na vijiji na majina. Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida ya uchumi, madarasa mengi yakafa, na sensa zilizokuja baadaye zikaonyesha hesabu ya chini kuliko ile. Sababu zilikuwa nyingi. Mimi, kwa maoni yangu mwenyewe, na mnaweza kunipinga wakati wa maswali, naamini kwamba mojawapo ilikuwa ni lile "karibu wote." Likishaandikwa, faili hufungwa. Niliwahi kulifunga moja kwa mkono wangu.

Ndugu Mwenyekiti, naona Katibu anatazama saa, na harufu ya pilau imekwisha kufika hapa mbele. Insha zile thelathini na mbili nimezirudisha kwa mwalimu. Sikutia wino mwekundu. Nimetia penseli tu pale penye "almost," niliuliza karibu nini, na kila mwenye insha ataona swali lake.

Jana jioni nilipofika nilipita mabwenini kutazama kitanda changu cha zamani. Wamekiondoa. Nilimkuta kiranja akijiandaa kwa mahudhurio, nikamwomba anitolee taarifa kama tulivyokuwa tukitoa sisi. Alisimama wima akasema, "All present but two, sir." Nikamuuliza ni akina nani. Akaniambia majina yao wote wawili. Mmoja amelazwa hospitali ana malaria, na mwingine amekwenda nyumbani Galapo kumzika bibi yake.